Kunguru hafugiki? Mbona sisi tunamfuga!

Najua nimepotea kidogo, testi zilikuwa zimebanana na bumu nalo limekuja kwa mwendo wa kinyonga. Leo sizungumzii siasa wala Simba na Yanga. Leo nazungumzia kunguru.

Ndiyo, kunguru. Wale wanaokaa juu ya paa la kantini wanakukodolea macho wakati unakula. Ukigeuka kuchukua maji tu, kipande cha nyama kimeshaondoka na mwenye nacho yuko juu ya nguzo ya umeme anakula bila wasiwasi. Wiki iliyopita rumu yetu tulibishana juu yao mpaka saa saba usiku. Mmoja akasema serikali imwage sumu, wafe wote, biashara iishe. Mwingine akasema waachwe, ni viumbe vya Mungu na isitoshe wanatusafishia mji bure. Mimi nasema wote wawili hawajagusa penyewe.

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sisi watu wa Dar tumewapinga wahenga. Tunamfuga, tena tunamlisha vizuri, kila siku ya Mungu, kuanzia Tegeta mpaka Mbagala. Na mpaka tutakapoacha kumlisha, hakuna sumu itakayotuokoa. Hiyo ndiyo hoja yangu, sasa nipeni nafasi niieleze.

Kwanza tumjue ni nani. Huyu kunguru wa mjini, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji wa hapa. Kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi za jirani. Huku kwetu alifikia Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, na hakuja kwa bahati mbaya. Aliletwa makusudi, ale takataka za mji. Yaani aliajiriwa kama bwana afya! Ajira yenyewe haikudumu, maana kufikia mwaka 1917 huko huko Zanzibar alikuwa ameshatangazwa kuwa mharibifu. Miaka ya 1940 akaonekana Mombasa. Ndege huyu hupenda kupanda meli na kushuka bandari yoyote yenye makombo, ndiyo maana leo utamkuta Djibouti, Port Sudan, Durban na Cape Town. Kuna waliofika mpaka Uholanzi, kwenye baridi ile.

Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa kidogo, mwenye kifua cheupe kama amevaa fulana ndani ya koti. Watu wazima waliokulia hapa mjini wanakwambia zamani huyo ndiye uliyekuwa unamwona. Sasa ukitaka kumwona kirahisi panda basi uende mikoani. Hapa mjini huyu mgeni amemfukuza, maana anamshambulia kwa kundi mpaka anahama. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kunguru wote wauawe", mwulize kwanza, kunguru yupi?

Sasa hapa ndipo palipo na uhondo, kwa wale mnaosoma baolojia na sisi tusiosoma. Kila ndege ana makazi yake. Chozi anafuata maua, mnana anafuata nyasi na nafaka. Ukoo wa kunguru wenyewe ni mpana, wako binamu zake wa rangi ya bluu na kijani wanaoishi ndani ya misitu ya Amerika, hawana habari na jalala. Huyu wa kwetu makazi yake ni binadamu. Hakuna mahali duniani panapojulikana ambapo anaishi kwa kujitegemea, mbali na watu. Toka hapa mjini nenda msitu wa Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, si mbali, daladala tu. Ingia katikati ya miti, utasikia ndege wengine kabisa. Kunguru huyu utamwacha kwenye vibanda na nyumba, kwa sababu msituni hakuna wa kumtupia ugali. Mpaka wa nchi yake ni pale takataka zetu zinapoishia. Kama unataka ramani ya uchafu wa Dar es Salaam, usimtafute mtaalamu, angalia juu.

Tabia zake nazo ni za kitaa kabisa. Anakula chochote: nafaka, matunda, panya, mjusi, mayai, kinda la ndege mwingine, utumbo wa samaki, chipsi mayai. Usiku wanalala pamoja kwa mamia na maelfu kwenye miti michache, asubuhi wanagawana mitaa. Kiota anajenga kwa vijiti na nyaya, kwa hiyo hata mabaki ya fundi umeme kwake ni mbao na bati. Jike hutaga mayai matatu mpaka matano, wanayaatamia kama siku 16 au 17, na makinda yanaruka baada ya wiki tatu au nne. Kule India yupo ndege jamii ya kekeo anayemtapeli kunguru huyu kwa kutaga ndani ya kiota chake, naye analea mtoto asiye wake bila kujua. Huku kwetu tapeli huyo hayupo. Kunguru alipohama aliwaacha nyumbani wanaomsumbua, akakuta huku meza imeandaliwa.

Halafu ana akili. Mnaosema ukimpiga kunguru atakurudia, eti ni uchawi, sikilizeni hii. Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, profesa mmoja anayeitwa John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa kale, wakakamata kunguru 7 pale kempasi na kuwaachia. Baada ya hapo kila aliyepita kempasi amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, na miaka ikapita bado wanamzomea, wakiwemo kunguru ambao hawakukamatwa siku ile. Walifundishana. Wale ni kunguru wa aina nyingine, lakini ukoo ni mmoja. Kwa hiyo si uchawi, ni kumbukumbu. Na ndiyo sababu mtego unaofanya kazi wiki ya kwanza unaweza ukakaa mtupu wiki ya tano.

Basi twende kwa mshkaji wangu wa sumu. Bwana, hilo limeshafanyika, tena zaidi ya mara moja. Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliendesha mradi wa mitego na sumu, kunguru wakapungua sana mjini. Mradi ukaisha, fedha ikaisha, kunguru wakarudi. Kenya, Malindi na Watamu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 walitumia sumu iitwayo Starlicide na ikawapunguza kweli kweli. Mwaka 2005 uingizaji wa sumu hiyo ukasimamishwa. Haikuchukua muda, wakajaa upya. Mwezi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1 kabla ya mwaka ule kuisha. Milioni 1! Hapa Dar nasi tumeona mabanda ya waya ya kuwanasia na kampeni ya sumu miaka ya mwanzo ya 2010. Sasa nyie wenyewe angalieni juu ya kantini mniambie.

Hesabu yake ni rahisi, haihitaji kozi ya takwimu. Tuseme mtaa una kunguru 1,000, yaani jozi 500. Tuseme kila jozi inakuza makinda mawili tu kwa mwaka. Mwaka ukiisha wako 2,000. Ua nusu, umerudi pale pale ulipoanzia. Tena waliobaki wanakula kwa nafasi, maana chakula ni kile kile na walaji wamepungua, hivyo makinda yao yanashiba na kupona zaidi. Kinachoamua wawe wangapi ni sahani. Ukiacha sahani imejaa, utaua kila mwaka mpaka bajeti ichoke kabla ya kunguru.

Sisemi mitego na sumu havina kazi. Ushelisheli walifanikiwa kuwamaliza kabisa, wakatangaza mwaka 1994. Lakini kule ni visiwa, kunguru walikuwa wachache na waliwahiwa mapema. Sisi ni mkoa ambao sensa ya 2002 ilihesabu watu chini kidogo ya milioni 2.5, na sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu wamezidi mara mbili kwa miaka 20, na kila mtu ana ganda lake la ndizi. Meza ya kunguru imepanuka hivyo hivyo.

Nije kwa yule mwingine, wa "wanatusafishia mji". Ndugu yangu, umewahi kumwangalia kunguru kwenye kiroba cha taka? Hasafishi, anapekua. Anatoboa kiroba, anachomoa anachokitaka, mengine anayamwaga barabarani. Pampasi inabaki kwenye mfereji, yeye ameondoka na kichwa cha dagaa. Kisha anakwenda kukidondosha juu ya simtanki la maji la jirani. Miguu ile ile iliyokanyaga jalala ndiyo inayokanyaga meza ya mihogo ya mama ntilie, na kinyesi chake kinaweza kuwa na vijidudu vya kuhara kama salmonela. Huo usafi gani?

Na anayeumia si mimi wa kuibiwa kipande cha nyama. Mimi nitacheka, nitaagiza wali maharage, maisha yanaendelea. Anayeumia ni mama wa Mbagala au Tandale anayefuga kuku watano wa kienyeji nyuma ya nyumba. Kuku wale ndio akiba yake. Mtoto akiugua, anauzwa jogoo. Daftari zikiisha, inauzwa tetea. Kuku akitotoa vifaranga kumi, mama anakuwa mlinzi: akiingia jikoni lazima awafunike kwa tenga, akisahau dakika tano anawahesabu upya na hesabu haitimii. Huwezi kumwambia mama huyo kunguru ni bwana afya. Na ndege wadogo wasio na mama wa kuwafunika kwa tenga, shorewanda, chozi, tetere, wao mayai na makinda yao yanaliwa kimya kimya. Hatusikii kelele zao, tunashtukia tu asubuhi hapa mjini imebaki sauti moja: kraa, kraa, kraa.

Sasa nani anamlisha? Hapa naomba twende polepole, maana ni rahisi kusema "watu wa uswahilini ni wachafu" halafu tukaenda kulala. Sikubaliani. Tembea mitaa ya Masaki na Oysterbay, gari la taka linapita, pipa lina mfuniko. Njoo Mbagala Kuu au Mwananyamala ndani ndani, vichochoro ambavyo hata bajaji inapita kwa kubembeleza. Gari la taka litapita wapi? Taka zinangoja kwenye viroba mpaka guta la vijana lipite, likichelewa siku tatu kunguru hawajachelewa. Watu wanalipa ada ya taka na bado wanaangalia taka. Kwa hiyo kunguru ni wengi pale ambapo huduma ni chache. Hilo tuliseme wazi.

Na hili la kusogeza taka badala ya kuzishughulikia lina historia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa linawafukiza moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likapeleka taka Kunduchi Mtongani, Kinondoni, karibu na makazi ya watu. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni huku Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Mnaona mwendo? Kila mtaa ukichoka, taka zinahamia mtaa wa watu wenye sauti ndogo zaidi. Kunguru yeye hakuhitaji hukumu ya mahakama, alifuata lori.

Lakini nawapa heshima wale wazee wa Tabata na Kunduchi. Hawakusema "ndivyo mji ulivyo". Hawakurusha mawe kwa kunguru. Walimfuata mwenye wajibu. Na hizo kesi zinafundishwa vyuoni mpaka leo, waulizeni wanasheria wenu.

Na msiniambie Mtanzania habadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Mnakumbuka mifuko ya rambo ilivyokuwa imejaa mitaroni? Watu walisema haiwezekani, wauza nyanya watafungia wapi. Leo tunabeba vikapu na mifuko mbadala, maisha yamesonga. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, tukaambiwa tushike mafagio, na kipindupindu kilikuwa kimelipuka hapa Dar tangu Agosti mwaka ule. Tulifagia. Tatizo letu ni kwamba tunafagia siku ya tukio, na kunguru anakula siku zote 365.

Ningekuwa mimi nina sauti manispaa, ningeanza na vitu vya bei rahisi kabla ya kuagiza sumu:

Moja, vibanda vya kuchinjia kuku masokoni, pale Tandika, Temeke Stereo, Mbagala Rangi Tatu na kwingineko. Utumbo, vichwa na damu ndiyo pilau ya kunguru. Kila kibanda kiwe na pipa lenye mfuniko unaobana na liondolewe kila jioni. Hilo moja tu lingepunguza chakula kuliko kampeni nzima ya redio.

Mbili, samaki. Kunduchi na masoko mengine ya samaki, magamba na matumbo yasitupwe pembeni ya meza. Shimo au pipa, basi. Anayeanika dagaa afunike kwa wavu, nyavu chakavu si zipo pwani?

Tatu, ratiba ya taka inayoheshimiwa. Guta likijulikana linapita Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi, mtu atatoa kiroba saa kumi na mbili na nusu, hatakitoa jana yake usiku. Serikali ya mtaa ibandike ratiba, na mkandarasi asiyekuja akatwe fedha.

Nne, viota. Kiota chenye mayai kikishushwa umezuia kunguru wanne bila tone la sumu. Vijana wa kupanda miti tunao, walipwe kwa kiota. Ila wafundishwe kwanza kumtambua yule mwenye kifua cheupe, asiguswe, yule ni wa nyumbani.

Tano ndiyo mitego, na sumu mikononi mwa wataalamu tu, lakini iwe kazi ya kudumu kama ilivyo kupulizia dawa ya mbu, isiwe mradi wa miaka mitatu wenye magari na semina halafu kwaheri. Cape Town waliwapunguza sana kwa kushikilia kazi hiyo mwaka hadi mwaka.

Na sita ni sisi. Wasomi wa kurusha makombo dirishani hosteli halafu tunalalamika kunguru wanatuamsha alfajiri kabla ya lekcha. Sahani ya chipsi inaachwa kwenye benchi chini ya mwembe, mwenyewe kaenda zake maktaba. Huyo naye ni mfugaji. Hana banda, hana leseni, lakini ni mfugaji. Ukitaka kuona kama nasema kweli, fanyeni jaribio dogo: wiki mbili, bloku moja, makombo yote kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha hesabuni kunguru wa asubuhi pale na kwenye bloku ya jirani. Wa sayansi mtapata mradi wa kozi, na sisi tutapata usingizi.

Najua kuna watakaosema nina muda wa kuchezea, nchi ina matatizo makubwa zaidi. Sawa. Lakini mwangalieni tena yule ndege. Aliletwa miaka ya 1890 na wakubwa ambao hawakutaka kuhangaika na taka, wakaona kazi hiyo afanye ndege. Zaidi ya miaka mia moja baadaye tuna serikali yetu, manispaa zetu, vyuo vyetu, na kazi ile ile bado tumemwachia ndege yule yule. Kisha tunapanga kumwua kwa sababu anaifanya vibaya. Kunguru atapungua siku tutakapoifanya kazi yetu wenyewe. Tuanze na mfuniko, unauzwa bei sawa na sahani mbili za chipsi.

Naomba kuwasilisha. Anayebisha aje kantini saa saba mchana tubishane, ila akae upande wenye paa.